Hata Akilia Sana

...kilie basi, kwa nini hakilii, kipimajoto gani hiki, au betri imechoka kama sisi wenyewe, nimekiweka kwapani na yeye amekibana vizuri kabisa, bila kuambiwa, mtoto wa miaka mitano anabana kipimajoto kama mtu mzima, ndiyo maana wodi nzima inamwita Shujaa, mimi mwenyewe ndiye niliyembandikia ile nyota ya karatasi juu ya kitanda, kidole tumbo kimetolewa, kidonda kikavu, halii, hasumbui, leo anaruhusiwa, na shangazi yake yuko pale dirishani anakunja nguo, anatia begini kikombe, sweta, anasema Mungu ashukuriwe, huyu mtoto hata nyumbani hana makuu, naitikia, natabasamu, huku macho yangu yako kwenye tumbo lake, kwa sababu asubuhi nilipomgeuza nibadilishe shuka alizuia pumzi, kidogo tu, akakunja magoti, nikamuuliza unaumwa, akasema hapana nesi, akacheka, kicheko cha meno matupu, macho hayamo... mtoto aliyepasuliwa tumbo juzi juzi tu na haumwi popote, jamani, mimi nikijichoma na pini naita majirani, nikamwita daktari, nikamwambia tumbo hili silielewi, akaja, kijana wa watu, mikono ya upole, akabonyeza, hapa je, hapana, na hapa, hapana, akasema limekaza kidogo lakini si ajabu baada ya upasuaji, akanitazama kama mtu aliyeitwa kuna mwizi akakuta paka, na ningemlaumu vipi, mgonjwa mwenyewe amesema haumwi, mimi nina nini mkononi, hofu tu, na hiki nacho hata kikilia kitasema nini, alfajiri amekunywa dawa ya homa, kitatoa namba nzuri, namba ya kwenda nyumbani, huko mama yake amejifungua kwa kisu wiki hii hii, hawezi hata kuinama, huyu atalazwa pembeni ya kichanga, halii, hasumbui, na humo ndani usaha unajikusanya taratibu mpaka siku moja asubuhi wanamwamsha... hapana, usifike huko, angalia pumzi zake, fupi fupi, za juu juu, au ni mimi ninayeziona fupi, Mungu wangu nisiwe nimepatia, bora nichekwe, wanicheke mwezi mzima kwenye chai, nesi mwoga, nesi wa matumbo...

anamnong'oneza nani, aa, yule mwanasesere, nilimsokotea kwa bendeji siku alipolazwa, nikamchora macho kwa kalamu, jicho moja limekuwa kubwa kuliko jenzake, amembandika plasta tumboni, anampapasa, midomo iko sikioni pake, nasogea, shangazi anauliza hizi dawa ni kabla ya kula au baada, baada, dada, baada, ngoja kidogo nisikie...

"Nyamaza. Ukilia mama haji."

...ni sauti ya shangazi hiyo, kinywani mwa mtoto, hata kale kamkato mwishoni, ndivyo alivyombembeleza siku ile mlangoni pa chumba cha upasuaji, kwa huruma tu, maskini, nani hajasema hivyo, mimi leo asubuhi getini nimemwambia mwanangu ukilia sirudi mapema, akanyamaza papo hapo, nikafurahi, nikawahi kazini... ee Mola, kumbe ndicho kinachofanyika hapa, hana ushujaa wowote huyu, anamngoja mama yake, anameza kilio ili mama apate kuja, kila tulipombonyeza alikuwa anachagua, aseme panauma au mama aje, akamchagua mama, kila mara, na mimi nikambandikia nyota, naogopa, nimuulize vipi, nikimuuliza yeye nitajibiwa hapana nesi, kale kacheko tena, sitaki kukaona, nainama, namshika mwanasesere mguu, mguu wa bendeji unaanza kusokotoka...

"Mwanao anaumwa wapi?"

...anamtazama shangazi, ananitazama mimi, anatazama mlango, kidole kinatembea juu ya plasta, "Hapa. Na hapa. Na huku chini kote. Lakini yeye halii," anasema, kwa fahari, kama mzazi yeyote, namgeukia shangazi, dada, acha hilo begi, nasema, kamwite daktari, mwambie nesi amesema aje sasa hivi, shangazi anafungua mdomo aulize, ananiona uso, anatoka mbio na dawa mkononi, na sasa tumebaki wawili, nimwambie nini, nisimwahidi kwamba mama anakuja leo, mama mwenyewe ana nyuzi tumboni, nikiahidi na asije nimemmaliza, simu ipo, sauti ya mama inaweza kufika hata kama miguu haifiki, lakini hiyo baadaye, sasa niseme lile tu lililo kweli, mwambie mwanao alie, nasema, mama hazuiwi na kilio, mama hajakasirika, hajawahi kukasirika, anamgeuza mwanasesere, anamwangalia jicho kubwa, jicho dogo, kidevu kinaanza kumcheza, anakikaza, kinacheza tena, anakikaza, nasikia viatu vya daktari mwisho wa ukumbi, au si vyake, naomba viwe vyake...

"Hata akilia sana?"

...hata akilia sana, nasema, hata akilia mpaka wasikie kule jikoni, na mkono wangu uko juu ya shuka, karibu na tumbo, siligusi, tunatazamana, kipimajoto bado kiko kwapani, amekibana vile vile, bado hakijalia, wala sikisubiri tena.