Moto Uliongoja Ruhusa

Mama wa nyumba ya mwisho, pale mtaa unapoishia na mbuga kuanza, alikuwa anakunja nguo mezani wakati moto ulipoingia kwa mlango wa uani. Ulijipangusa majivu kizingitini, ukazunguka sebule, ukajilaza chini ya meza. Haukuwa mkubwa, kama mbuzi aliyeacha kunyonya hivi. Mama aliinua pindo la kitambaa cha meza lisiungue, akaendelea na mashati.

Walikuwa wanajuana. Kila mwaka, mvua zikiisha na nyasi zikaanza kukauka vichwa huku chini zikiwa bado mbichi, mama aliutoa huo moto ukafanye kazi yake, kama mama yake alivyoutoa kabla yake. Ulikula kipande hapa, ukaruka kule, na jioni umande ukaulaza. Baadaye majani mapya yalichipua, ng'ombe wa mumewe wakanenepa, ndege wakataga chini, na vichaka vya miiba havikupata pa kushika. Mwaka huu idara ya misitu ilipiga marufuku kuchoma nyasi. Moto ukakosa kazi, ukaja nyumbani. Ungeenda wapi tena?

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa mchora ramani wa idara hiyo hiyo. Alipokuja kula mchana akaukuta umejikunja chini ya meza, alisogeza kiti kidogo kwa ajili ya suruali yake mpya.

"Shemeji, huu unaufuga?"

"Umekuja wenyewe. Unataka kazi yake."

"Mimi sina ubavu. Kwenye ramani yetu pale ni msitu."

"Msitu uko wapi?"

"Bado," alisema shemeji, akajiongezea maharage.

Akaeleza, maana ni mtu wa kueleza, kwamba nyasi ni ardhi tupu inayosubiri miti, na miche iko njiani. Kama wanataka kuchoma, waje waombe ruhusa kama watu wengine.

Asubuhi mama aliutia moto kwenye karai, wakaenda idarani. Walikaa kwenye benchi la kungojea. Watu walisogea kuupa nafasi, na mzee mmoja akawashia sigara yake pale, akashukuru. Dada wa mapokezi aliuliza shida yao.

"Mkubwa yuko kikaoni," alisema. "Njooni kesho."

Kesho yake mkubwa alikuwa safarini. Keshokutwa muhuri ulikuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ana msiba. Walipigwa danadana mpaka benchi likababuka, na dada wa mapokezi akauomba moto, kwa heshima zote, uwe unasimama.

Nyumbani haukutulia. Ulitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Ulikula magazeti, ukala ufagio, ukala mkeka, kisha kitanda cha wageni. Ukafikia kimo cha ndama, halafu cha fahali. Mama naye usingizi ulimpaa. Kila alfajiri alitoka kupapasa nyasi kwa kiganja, na kila alfajiri kiganja kilirudi na unyevu mdogo kuliko wa jana. Siku moja kilirudi kikavu.

Siku hiyo hakwenda idarani. Alipiga komeo mlango wa uani, akaketi nje akiuegemea. Alikuwa na hasira ambazo hakujua amtupie nani. Mbuga yote ilisimama kavu hadi usawa wa dirisha, bila kipande kimoja kilichochomwa mapema cha kuukatia moto njia, na yeye aliyekuwa akiuombea ruhusa ya kutoka ndiye sasa aliyeuzuia.

Mchana shemeji akaja mbio mbio, akipunga karatasi.

"Ruhusa imetoka, shemeji. Mkubwa kasaini."

Ndani, moto ulisimama. Rangi ya mlango ikaanza kutoa malengelenge.

"Kaa," mama aliuambia, bila kugeuka. Ukakaa. "Shemeji, irudishe hiyo. Umande umeisha."

"Umande si idara yetu. Na hii ni ya mwaka huu tu. Mwakani mtaomba upya, pale bado ni msitu."

"Kaka yako yuko humo na ng'ombe tangu asubuhi. Majani mapya hayapo, anayatafuta mbali. Nikifungua mlango huu, moto utamkuta wapi?"

Shemeji aliitazama mbuga. Kofia ya kaka yake ilionekana katikati ya nyasi, ikapotea, ikaonekana tena mbali zaidi. Aliogopa, na hakujaribu kuficha. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaketi kando ya mama na suruali yake mpya kwenye vumbi, mgongo mlangoni. Mbao ziliwachoma. Nyuma yao moto ulikuwa umeanza tena kutembea, dirishani hadi mlangoni.

"Mvua iko wapi?" aliuliza.

"Bado," alisema mama.