Pumzi ya Upande wa Kulia

Vumbi la barabara ya Menengai halilali, Kibii. Jua likichungulia kutoka upande wa Dundori, vumbi lenyewe tayari limeamka, la rangi ya majivu, jepesi, linangoja miguu. Miaka kumi na mmoja liliipata miguu minne, yako na yangu. Lilitufuata hadi ukingo wa volkeno kule juu, likaturudisha mjini na nyusi nyeupe.

Hatukuwa wanariadha. Mimi ni Tabby wa cherehani, mshonaji wa sare za shule pale Bondeni. Wewe unapima mbegu za mahindi kwenye kampuni ya watu. Hakuna aliyetupigia makofi. Walinzi wa Milimani walikucheka tu, wewe wa kabila la wakimbiaji: Mkalenjin gani huyu anapitwa na mathe? Nawe ulicheka pamoja nao, ukapitwa, ukanifuata nyuma hatua mbili huku ukisimulia.

Maana tukikimbia, tuliongea.

Nyumbani tulikuwa watu wa chumvi iko wapi na gesi imeisha. Kule juu, kwenye mikaratusi, ndipo uliponiambia jinsi baba yako alivyokufa akikuita kwa jina la kaka yako. Ndipo nilipokuambia kwamba naogopa kuzeeka kama mama, nikiwa na hasira na kila mtu. Ndipo uliponiuliza kama nitakubali kuolewa nawe, mimi Mkikuyu wa Turi na wewe kijana wa Londiani, baada ya yote yaliyopita kati ya watu wetu. Nami nikakujibu kilomita mbili baadaye, ili uteseke kidogo.

Sijui ni nini. Labda ni kwamba macho yalitazama barabara, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Miguu yako ikienda, mdomo wako unafunguka. Miguu ikisimama, unafunga kama duka siku ya sikukuu.

Halafu ikaja ile asubuhi ya mwezi wa tatu. Tulikuwa tunateremka. Nilijua jambo linakuja, kwa sababu ulikohoa mara tatu bila kikohozi. Ukasema, "Tabby, kuna kitu nataka kukuambia." Na mimi, mjinga, nikageuka nikutazame. Hatujawahi kutazamana tukikimbia. Mguu wangu wa kushoto ukakanyaga jiwe, goti likaenda kwake, na mimi nikaenda kwangu.

Ulinibeba mgongoni hadi kwa watu wa bodaboda. Nililia kwa uchungu, lakini katikati ya uchungu nilikuwa nauliza: kitu gani? Nikauliza hospitalini. Nikauliza kwenye kochi, mguu ukiwa juu ya mito miwili. Ulisema hakuna kitu, yalikuwa mambo ya kawaida tu. Lakini mtu hakohoi mara tatu kwa mambo ya kawaida.

Sema, Kibii. Sema basi.

Hukusema. Kila asubuhi uliamka saa ile ile, ukafunga kamba za viatu, ukatoka. Nilisikiliza lango likifungwa, nikasikiliza nyayo zako zikipotea kwenye kokoto, nikakuonea wivu hadi meno yakauma. Nilijiuliza, anaongea na nani sasa? Nilijiambia kwamba ulitaka kusema unaniacha, na sasa unaona haya kumwacha mtu anayechechemea. Hiyo ndiyo hofu niliyokaa nayo. Niliipikia, nikaifulia, nikalala nayo katikati yetu.

Na mimi si mtu wa kutulia. Kibandani mguu wangu mzima ulipiga kanyagio la cherehani hata pasipo kitambaa. Nilifumua sare nilizozishona vizuri, nikazishona tena. Nilipanga nyuzi kwa rangi, nikazivuruga, nikazipanga. Wateja wakaanza kuongea nami kwa sauti ya upole, na hiyo ndiyo iliniudhi kuliko goti.

Daktari alisema miezi mitano bila kukimbia. Kisha akauliza, bila hata kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, kama najua kuogelea.

Kama najua? Pale Turi, kwenye shamba aliloliacha Mzungu, kulikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe. Maji baridi, maji ya kahawia, vyura, matope hadi magotini. Nilijifunzia humo, msichana peke yangu kati ya wavulana. Jioni mama alinishika mkono akanikwaruza kwa ukucha: ngozi iliyoingia majini hutoa mstari mweupe, kama chaki ubaoni. Tulijipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe ili mstari usionekane. Mama akanusa mafuta, nikachapwa kwa makosa mawili. Niliogelea hadi nilipotimiza miaka kumi na mitatu. Mama akasema sasa wewe ni mkubwa, nikaacha, na kwa miaka ishirini na minane sikuingia majini ila ya ndoo.

Basi nikachechemea hadi kwenye bwawa la klabu moja huko juu Milimani. Mita ishirini na tano, vigae vya buluu, harufu ya dawa. Nikaingia kwa majivuno yote ya Turi. Na nikazama.

Si kuzama kwa kufa, ni kuzama kwa aibu. Mikono ilikumbuka. Kichwa kilikumbuka. Lakini miguu, hii miguu ya Menengai niliyojivunia, ilining'inia nyuma yangu kama magunia mawili. Vifundo vilikuwa vimekakamaa kwa miaka ya lami na mawe. Nilipiga teke kwa nguvu zangu zote, na naapa nilirudi nyuma.

Mwalimu wa pale ni Zeddy, mama mnene wa makamo anayefundisha akiwa amekalia kiti cha plastiki, kikombe cha uji mkononi. Aliniangalia wiki mbili nzima kabla hajasema neno. "Madam," akasema, "wewe unakimbia ndani ya maji. Hayo maji hayaendi mahali. Legeza mguu."

Legeza mguu. Angejua anayemwambia ni nani. Mimi niliyezaliwa kabla ya siku zangu kwa sababu sikuweza kungoja, mimi ninayekunywa chai nimesimama, nilegeze mguu. Nililegeza wa kulia, wa kushoto ukakaza. Nililegeza wa kushoto, shingo ikakaza. Nilikwenda Jumanne, nikaenda Alhamisi, nikaenda Jumamosi, nikirudi nyumbani macho mekundu na wewe ukiuliza tu kama maji yalikuwa baridi.

Yalikuwa baridi, Kibii. Hukutaka kujua kingine?

Polepole miguu ikapanda juu. Mkono, mkono, pumzi. Mkono, mkono, pumzi. Niliweza kuvuta pumzi upande wa kulia tu. Kushoto sikujua, na nikijaribu nilikunywa maji. Raundi nne, kisha nilishika ukingo nikihema. Nne tu, sikuwahi kuvuka hapo. Na majini hakuna kuongea. Sikio likiwa chini husikii kitu ila damu yako mwenyewe ikigonga, na mimi nilikuwa nimeshiba kimya nyumbani, sikuhitaji kingine cha kulipia mlangoni. Hata hivyo nilirudi. Ni afadhali kimya kinachokwenda kuliko kimya kinachokaa kwenye kochi.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane daktari alikunja goti langu, akalikunjua, akasema mwezi ujao naweza kukimbia. Nilirudi nyumbani nikiimba. Ulikuwa mezani, chai mkononi, nikakuambia, nikangoja uso wako uchangamke. Uliweka kikombe chini taratibu sana. Ukasema ni vizuri. Kisha ukatoka nje, ukasimama karibu na tangi la maji kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa, hadi chai ikapoa.

Nikawa na uhakika. Hukutaka barabara ile nikiwa ndani yake.

Jumamosi nilikwenda kuogelea kwa hasira. Nilikuwa namaliza raundi ya kwanza nilipokuona langoni, umevaa nguo za kukimbia, viatu vya kukimbia, hujui mikono uiweke wapi. Wewe, unayeogopa hata maji ya beseni. Sikusimama. Nilijua nikisimama utaniuliza habari ya goti, nitasema nzuri, na tutarudi nyumbani bila neno lingine. Nikagusa ukuta, nikageuka, nikaondoka. Nawe ukaanza kukimbia kando yangu, ukingoni, taratibu.

"Mzee," Zeddy akaita kutoka kitini, "hapa kando ya maji hatukimbiangi. Tembea tu."

Ukatembea. Na miguu ilipoenda, mdomo ukafunguka.

Nilisikia vipande. Mkono, mkono, pumzi: "...ile siku ya jiwe..." Mkono, mkono, pumzi: "...ningekuambia aje, na wewe ulikuwa unalilia goti..." Kisha ukuta, kisha kurudi. Na wakati wa kurudi ulikuwa kushoto kwangu, upande ambao sikio langu liko chini na pumzi yangu inatazama ua wa michongoma. Ulikuwa unasema, na mimi nilikuwa nasikia damu tu. Miezi mitano nimengoja, halafu niukose mdomo wako ukiwa wazi? Nikageuza kichwa kushoto. Nikanywa maji. Nikageuza tena, nikanywa tena, yakaingia puani yakachoma, na katikati ya kuchomwa huko nikasikia: "...mimi sipendangi kukimbia."

Raundi ya nne ikapita. Kifua kilidai ukingo, nikakinyima. Niliogopa. Nilijua nikisimama utasimama, na ukisimama utafunga.

Nikienda: "...tangu mwanzo, Tabby, tangu mwanzo kabisa..." Nikienda: "...Mkalenjin atasema hivyo kwa nani..." Nikirudi, mdomo umejaa maji: "...mimi nilikuwa nafuata tu kuongea na wewe..." Nikienda tena: "...hata saa hii sikimbii, nafika hapo hotelini mtaa wa Shabab, nakunywa chai, narudi..."

Nilitaka kucheka, na majini hakuchekwi. Nilitaka kulia, na huko nako hakuna anayeona. Miaka kumi na mmoja ulipanda mlima usioupenda, kwenye baridi, nyuma yangu hatua mbili, ukichekwa na walinzi, ili upate mahali pa kuniambia habari za baba yako. Na mimi nimelala pale kitandani nikikupangia mwanamke mwingine wa kuongea naye, kumbe uko Shabab peke yako na kikombe cha chai, viatu vimefungwa vizuri.

Na bado sikusimama, kwa sababu bado kulikuwa na kitu. Nilikuona kwenye kila pumzi: ulisugua shingo, ukakohoa. Mara moja. Mara mbili. Mikono yangu ilikuwa mizito kama nguo mbichi. Goti halikuuma hata kidogo. Kilichouma ni mapafu, mabega, koo, kila kitu ambacho hakijawahi kuniuma Menengai. Raundi ya saba. Ya nane. Ukakohoa mara ya tatu.

"Kitu chenyewe nilitaka kukuuliza," ukasema, na nikakosa yaliyofuata, nikageuka upande usiofaa, nikameza maji, nikarudi upande wa kulia, nikapata mwisho wake: "...tukiacha kukimbia, tutakuwa tunaongea wapi?"

Hicho ndicho kitu. Hicho ndicho ulichokibeba mgongoni pamoja na mimi hadi kwa watu wa bodaboda, ukakaa nacho kwenye kochi miezi mitano. Nilikuwa na mita saba zilizobaki na pumzi isiyotosha mita tatu.

Nilifika kwa mkono mmoja. Nikashika ukingo, nikasimama, maji yakinifika kifuani. Nilikohoa maji, pua inawaka, nywele zimeniziba macho. Nikazisogeza nikakutazama usoni, ana kwa ana, nikingoja ufunge. Nawe ukasimama. Ukatazama kushoto na kulia kama mtu anayetafuta barabara. Kisha ukakaa chini kwenye vigae, ukatumbukiza miguu majini, na viatu, na soksi, na ukaendelea kuongea.