Kisanduku Nilichokiita Subira

Jana niliota, tena mchana kweupe, kichwa kikiwa juu ya meza ya karakana na shati likiwa na vifungo vyake vyote. Vifungo nitavirudia.

Kabla usingizi haujanichukua nilikuwa nachora kwenye kompyuta mchoro wa kuendesha sanduku la joto la watoto njiti. Kila kisanduku kwenye mchoro kina kazi yake: kimoja kinapima joto, kingine kinaamuru hita, na mistari yenye mishale inaviunganisha. Ukimaliza unabonyeza "Toa msimbo", kompyuta inauandika yenyewe, yaani maagizo ambayo mashine itayafuata. Muuguzi aitwaye Sikudhani angeufuata saa kumi. Nilikuwa nimefuta kisanduku kimoja tu, cha kuchelewesha kidogo majibu kati ya hivyo viwili, nilichokiita Subira, kwa sababu kiliharibu sura ya mchoro. Subira ni jina la binti yangu pia. Ana siku tisa, kilo moja na robo, na humo ndimo angelazwa.

Sasa nimo ndani ya mchoro. Sakafu ni nyeupe, na mshale unanisukuma mgongoni, ukisema:

"Mbele, fundi. Njia ya kurudi hukuichora."

Nawakuta Hita na Kipimajoto. Hita anauliza, "Niwake kiasi gani?" Kipimajoto anajibu, "Wewe umewaka kiasi gani?" Wanaulizana bila kuvuta pumzi, na joto linapanda. Mstari ulio kati yao unajikunja na kunizunguka shingoni.

"Hiki nini?"

"Kitanzi," anasema Hita kwa upole. "Si wewe uliyekiita hivyo?"

Ni kweli. Mstari unaojirudia mimi huuita kitanzi, na sikuwahi kuliogopa neno hilo.

Sakafu inakuwa wodi. Mke wangu anakuja na khanga tupu mikononi. "Baba Subira, mtoto yuko wapi?"

"Subira kafutwa," anamjibu Kipimajoto. "Kilichofutwa hakitoki kwenye msimbo."

Napiga kelele, sauti inafuata mshale na kwenda zake.

Hodi inabishwa chini. Ni kisanduku kidogo, hakifiki gotini.

"Subira huvuta heri, fundi, ila isifutwe. Nirudishe, na unifunge vizuri."

Kamba sina. Nang'oa kifungo cha pili cha shati, nakibana pale mistari inapokutana. Kitanzi kinalegea. Hita anauliza. Kipimajoto anahesabu moja, mbili, ndipo anajibu.

"Hodi, fundi! Msimbo tayari?"

Ni Sikudhani, mlangoni. Niliamka jasho likinitiririka. Kwenye kioo cha kompyuta kisanduku kilikuwa kimerudi mahali pake, na mimi sikukigusa. Nilibonyeza "Toa msimbo".

"Mbona unatuchelewesha, kaka?"

"Ndiyo dawa yenyewe, dada. Kaa kidogo."

Nikauinamia mchoro. Penye kiungo cha mistari palikuwa na nukta nyeupe, yenye matundu manne. Nikajipapasa kifuani. Kifungo cha pili hakikuwepo.