Ukuta wa Nyuma ya Kabati

Jacomina alikuwa hospitali akiwekewa nyonga mpya. Siku tano kabla hajaruhusiwa kutoka, mumewe Marinus aliamua kumpakia sebule rangi. Nyeupe, bila shaka. Katika mtaa wao mjini Middelburg sebule zote ni nyeupe, na kila mtu anajua, maana madirisha ni mapana na hayana mapazia. Mwenye pazia ana cha kuficha. Marinus mwenyewe aligawa barua mjini humo miaka thelathini na minne, akachungulia nyumba zote, na mpaka anastaafu alikuwa na hofu moja tu maishani: watu wataona nini.

Alianza na kabati la mwaloni, urithi wa mama yake, ambalo hakuwahi kulisogeza tangu waoane. Akakunja mikono ya shati, akalisukuma kwa nguvu zote. Likateleza kama sahani mezani, nusura aanguke kifudifudi. Chini ya kila mguu wa kabati palikuwa na kipande cha zulia kilichokatwa vizuri.

Alipoinua uso, akabaki mdomo wazi.

Ukuta ulikuwa wa rangi ya waridi. Si doa, si mabaki ya wenye nyumba wa zamani. Ulipakwa kuanzia sakafuni mpaka usawa wa juu ya kabati, kingo zimenyooka, rangi haikuzidi upana wa kabati hata kwa unywele. Akaugusa. Rangi haikuwa ya zamani. Akafungua kabati, akapekua nyuma ya vitambaa vya meza, akakuta kopo dogo la rangi ileile na brashi iliyooshwa ikaosheka.

Marinus alikaa chini palepale. Akakumbuka mwaka wao wa kwanza, Jacomina akiwa na kadi ya rangi kutoka dukani, na yeye akicheka: "Pinki? Mtaa mzima utatusema!" Jacomina hakulitaja tena. Na yeye, mjinga wa watu, akadhani wamekubaliana. Miaka arobaini na moja alikula chakula cha jioni akiwa amelipa kisogo kabati lile.

Akaona aibu. Akabeba kopo hadi dukani, akarudi na ndoo tatu za rangi ileile.

Siku ya pili yake jirani yao Dingena alishuka kwenye baiskeli, akabandika paji la uso kwenye kioo. "Wewe Marinus! Umerukwa na akili, au mmepata mjukuu wa kike?"

"Ndiyo rangi anayoipenda mke wangu!"

"Jacomina? Huyu huyu wa makoti ya kijivu? Makubwa!"

Marinus akaendelea kupaka huku akipiga mluzi. Kwa mara ya kwanza alifurahi kutazamwa.

Ijumaa teksi ilisimama mlangoni. Jacomina alishuka na magongo yake, akatazama dirishani, akasimama kama aliyepigwa kofi. Marinus alikuwa akisubiri machozi ya furaha. Hayakuja.

"Nani kakwambia uguse?" akauliza alipoingia.

"Mina, mke wangu, nilidhani..."

"Ulidhani! Uliponikatalia nilikujibu neno? Sikukujibu. Nikajitafutia pangu. Kila Jumanne ukienda kwaya nalisogeza lile kabati, nakaa mbele ya ukuta wangu na kikombe changu cha chai. Nyumba nzima hii ni ya kutazamwa, Marinus. Pale tu ndipo palipokuwa pangu. Na sasa kila apitaye, hata Dingena, anapaona!"

Kila Jumanne. Marinus alihisi kama amefunguliwa mlango wa nyumba asiyoijua. Alikuwa amempa mkewe kuta nne na kumnyang'anya ule mmoja.

"Nitairudisha nyeupe," akasema. "Leo hii hii."

"Thubutu uone."

Jacomina akajiketisha taratibu, akazungusha macho sebule nzima, ukuta mmoja baada ya mwingine. Nje, Dingena alikuwa amerudi, na safari hii amekuja na dada yake. Jacomina akawaona.

"Nenda kanunue mapazia," akasema.

"Mapazia?" Marinus akatupia jicho dirishani. "Mina, watu watasema tuna cha kuficha!"

"Tunacho," akajibu Jacomina. "Na yawe mazito, yafike chini. Nenda kabla duka halijafungwa."

Marinus akachukua koti lake.