Watoto wa Kuazima

Himid, Mwalimu Mkuu wa skuli yetu ya Chamanda, hakutaka mambo mengi duniani. Alitaka ghorofa. Wizara ilitangaza kwamba upande wetu huu wa njia ya Fumba itajengwa skuli moja ya ghorofa, nayo itajengwa pale penye watoto wengi waliobanana, walimu wenye vyeti na wanafunzi wanaojua kusoma. Timu itakuja kuvipima vitu hivyo vitatu. Tangu siku hiyo Himid hakuwa mtu wa kukaa chini kama sisi. Nilimkuta kwa macho yangu amesimama juu ya meza ya afisini kwake, kichwa kinagusa bati, anakisia upepo wa huko juu utakavyomuingia kwenye kanzu.

Mimi naitwa Mmanga. Nimestaafu ufundi wa taa za barabarani mjini, na hapa Chamanda ni mjumbe wa kamati ya skuli, cheo nilichopewa kwa kuwa nilikuja mkutanoni na kiti changu mwenyewe. Himid namjua tangu anavuja makamasi. Siku hizi havuji, na hiyo ndiyo tofauti pekee niliyoiona.

Sasa, watoto tunao. Kwa kuzaa Chamanda haina mpinzani. Darasa la kwanza wamekaa chini mpaka mlangoni, na mwalimu wao, Bi Riyama, akitaka kufika ubaoni hupitishwa juu kwa juu, mkono kwa mkono, kama jeneza. Mtu mwenye akili angeufungua mlango wa darasa hilo, akakaa pembeni, akaiacha timu ijionee. Lakini Himid amesomea uongozi, semina nzima, na chai ya saa nne. Aliwaona watoto wake ni wachache kwa sababu ni wake. Akenda kuazima.

Kuazima kwetu si aibu. Ukiwa na shughuli nyumbani na sahani hazitoshi, unapita kwa majirani: huyu anakupa sahani, yule sufuria, wa tatu mikeka. Kila mwenye chombo hukitia alama yake kwa chini, tone la rangi ya kucha au mkwaruzo wa kisu, ili watu wakishakula kila kitu kirudi kwao. Himid aliliona zoezi la wizara ni shughuli kama arusi. Akenda kwa Bi Mardhiya, mwalimu mkuu wa Kitongani, skuli ya jirani, akaomba aazimwe watoto kwa siku ya Jumatano. Kitongani timu ilikuwa inapita Jumatatu, kwa hiyo Jumatano watoto wale hawana kazi na mtu. Bi Mardhiya akamuuliza kama ana hakika. Himid akasema anayo. Basi akamwambia atampa, ila warudi wazima.

Jumanne asubuhi gari mbili za kuchukulia mchanga zikatushushia watoto wa Kitongani, wafanye mazoezi ya kuwa wetu na walale hapa hapa. Himid akawapanga mistari uwanjani. Amri yake ya kwanza ilikuwa marufuku kusema neno, maana mtoto akifungua mdomo tu atataja kwao. Hapo ndipo alipogundua kwamba kila mmoja ana wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, wino mweusi wa kuelekea zambarau.

Mtu mwengine angeuliza. Msichana mmoja alinyanyua mkono kutaka kueleza, akaonyeshwa fimbo, akaushusha. Himid hakuhitaji maelezo ya watoto, yeye alishaelewa: Bi Mardhiya ametia alama vyombo vyake. Alicheka mpaka akajifuta macho.

"Mzee Mmanga," akaniambia, "yule mwanamke ana akili. Hapotezi hata mmoja."

Nikamuuliza itakuwaje timu ikiwaona hawa wana alama na wale wetu hawana. Akaacha kucheka. Nilijua nimemharibia siku, na mchana ule chakula kilinipita vizuri sana. Alijifungia afisini, akatoka na dawa: na wetu watiwe. Wote wafanane, asijulikane wa kuazimwa wala wa kuzaliwa hapa. Akaitwa Mwanakheir, yule anayepamba maarusi, na bakuli lake la piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono. Watoto wa Chamanda wakapita mbele yake mmoja mmoja, kidole kidogo, mkono wa kushoto, mpaka kijiti chake cha kupakia kikachakaa na mgongo ukamkatika. Na piko ikishashika ngozi, hata ukijisugua na mchanga wa pwani inakungojea ichoke yenyewe.

Zikabaki sifa za walimu. Kwetu wenye diploma ni wawili, na mmoja wao, Pandu, aliisomea miaka yote hiyo ili apate pa kulala penye kivuli. Himid akaona diploma hazitoshi, anataka shahada. Akanivisha mimi kanzu mpya na miwani ya marehemu babake, nikawa Mwalimu Suhail, shahada ya fizikia. Nilikubali kwa kuwa nilitaka kuuona mwisho wake, na aliyestaafu burudani zake si nyingi.

Jumatano wakaja. Mkuu wao alikuwa Bi Tahiya, mwanamke mwembamba asiyepoteza neno, na vijana wawili wenye vishikwambi. Wizara, kwa desturi yake, huipima skuli kama mtu anayempima mgonjwa homa kwa kuitazama kanzu yake. Huyu mama, kwa bahati mbaya ya Himid, alikuwa anamtazama na mgonjwa.

Wakaanza na walimu. Ilipofika zamu yangu, Bi Tahiya akaniuliza nawafundisha vipi watoto habari za umeme. Nikamweleza kwamba niliwahi kushikwa na umeme wa nguzo ya Darajani, nikawaka tangu magharibi mpaka alfajiri, watu wakaleta mabao yao wakacheza chini yangu, na mmoja akanilaumu kwamba namulika upande mmoja tu. Kijana akaandika kwamba mwalimu hutumia mifano hai. Himid akanikonyeza.

Kisha kusoma. Darasa la nne walikuwa wamekaririshwa kisa kimoja muhula mzima, kisa cha kuku wa bibi aliyepotea. Timu ikaleta kitabu chake, kipya, kina picha za uwanja wa ndege. Watoto wakakifungua, wakaitazama ndege, wakasoma kwa sauti moja habari za kuku, wakafunua ukurasa pale pale walipozoea kufunua, na kuku akapatikana. Bi Tahiya alikichukua kile kitabu, akakiangalia ndani, akakirudisha. Himid aliuona ukimya ule ni heshima.

Ikabaki kuhesabu watoto. Uwanja ulijaa mpaka mbuzi wa sheha wakakosa pa kupita. Himid alisimama barazani mikono nyuma, tumbo mbele, na mimi nimekaa karibu yake na miwani ya babake inayonionyesha kila mtu mara mbili. Watu wawili wawili wa namna ya Himid, fikiria adhabu hiyo. Bi Tahiya akawaambia watoto wanyooshe mikono ya kushoto. Ikapanda yote kwa pamoja. Akapita mstari wa kwanza, akapita wa pili, akaingia katikati, akarudi.

"Mwalimu Mkuu, watoto wako wako wapi?"

"Si ndio hawa, Bi Tahiya."

"Hawa nshawahesabu. Huu wino wetu, tumewatia Jumatatu kule Kitongani, mtoto asihesabiwe mara mbili. Ila sikumbuki kuwaacha wengi namna hii. Nnauliza wa Chamanda."

Nimeona watu wakipigwa na umeme, na nguvu ya ule wa nguzo naijua mwenyewe. Sijaona uso kama ule. Neno moja lingemwokoa. Angesema hii ni piko, hawa ni wangu. Lakini angeulizwa kwa nini umewapaka, na jawabu la hapo lilikuwa limesimama mbele yake mistari kwa mistari, limeshushwa na gari za mchanga. Nilimwona anaitafuta kweli, anaikuta, anaiacha.

"Wa Chamanda wako mazikoni," akasema. "Tumepata msiba."

"Inna lillahi. Skuli nzima?"

"Marehemu alikuwa mtu wa skuli sana. Mzee Mmanga, wa kamati."

Mimi nipo pale, mkono wangu ukinyooka unamgusa.

Nimekufa mara nyingi katika hadithi zangu mwenyewe, lakini kuuawa na mtu niliyemfundisha kuvaa viatu, huyu wa kushoto huyu wa kulia, hiyo ilikuwa mpya. Nikasema Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri kuliko wote hapa. Pandu akaitikia amin kwa moyo wake wote. Nadhani ndiyo kwanza alikuwa anaamka.

Himid angekuwa na akili hata ya yule kuku wa bibi, angemuua mtu wa Pemba. Kwetu husikii msiba wa nyumba ya karibu ukapanda gari ukenda zako. Bi Tahiya akajifunga vizuri mtandio wake, akasema twendeni tukatoe mkono wa pole, na hao watoto waliokwenda kuzika tutawahesabia huko huko. Himid akasema ni mbali. Bi Tahiya akasema hata kama. Himid akasema njia mbaya. Bi Tahiya alikuwa keshateremka barazani.

Tukatoka. Bi Tahiya mbele na vijana wake, wakiuliza nyumba ya msiba, Himid akijikwaa pasipo na jiwe, mimi maiti nyuma yao, na nyuma yangu skuli nzima, kwa sababu hakuna aliyewaambia wabaki. Kila tuliyempita aliuliza kafa nani, akajibiwa Mzee Mmanga, akasikitika sana, akanipa mimi mkono wa pole. Siwasingizii. Watu wa Chamanda msiba huuitikia kwanza, kufikiri hufuata kama kuna nafasi.

Mke wangu, Ummukulthum, alikuwa uani anapaa samaki. Bi Tahiya akamshika mkono na magamba yake, akamwambia pole kwa kufiwa na mume.

Ummukulthum akatazama juu ya bega la mgeni, akaniona.

"Huyo?" akasema. "Huyo hafi. Nshasubiri sana."

Bi Tahiya akageuka pole pole. "Mwalimu Suhail," akaniita.

"Naam."

"Mzee Mmanga."

"Naam," nikasema. Niliona uvivu wa kutafuta jawabu jengine.

Watoto walicheka, wazee wakatazama chini, na Himid akaanza kuipangusa kanzu yake mahala pasipo na vumbi. Mke wangu, asiyejua wizara wala ghorofa, alikuwa keshashika kidole cha mtoto wa jirani, anakigeuza. Akauliza arusi ya nani hii isiyoalikwa yeye, maana piko hii ni ya Mwanakheir, mkono wake anaujua, na tangu lini watoto wa kiume wanapakwa. Bi Tahiya akakitazama kile kidole. Akavuta cha mtoto wa pili, kisha cha yule msichana wa Kitongani, akavilinganisha juani.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "nakusikiliza."

Himid alitaka kusema mengi, ilionekana. Yakamkwama yote, likatoka moja.

"Wa piko wangu. Wa wino wa Bi Mardhiya. Nimewaazima."

Nilidhani mama yule atapiga kelele, na nilishajipanga vizuri kufurahi. Hakupiga. Akaomba mkeka, akakaa uani kwangu, akawaweka wa piko upande mmoja na wa wino upande wa pili, vijana wakahesabu. Adhana ya laasiri ikawakuta bado hawajamaliza upande wa piko, watoto wamemwagika mpaka kwenye mihogo yangu. Walipomaliza akamwita Himid, akamwekea kishikwambi mbele.

"Kitongani nzima haifiki nusu ya hawa wako," akamwambia. "Darasa lako la kwanza peke yake lilikuwa linatosha kukupa ghorofa. Vyeti walimu wangevisomea taratibu, na kusoma kwa watoto kungerekebishwa. Wizarani mlikuwa mmeshapendekezwa, mimi nilikuja kuthibitisha tu."

"Sasa?"

"Sasa watoto wa kuazimwa, mwalimu wa kuazimwa, maiti wa uongo. Nnaandika nilichokiona. Wa pili kwenye orodha ni Kitongani."

Ungedhani mtu hapo angeinama, au angalau angewatazama wale watoto waliokaa kwenye mihogo, ambao ndio waliopoteza, si yeye. Himid alifikiri. Akili yake ikifanya kazi utaiona kwa nje, kama mbuzi ndani ya gunia. Kisha akamfuata Bi Tahiya mpaka kwenye gari, akainama dirishani, akamuuliza kwa adabu kama wizara haiwezi kuwapa Chamanda angalau ngazi, ghorofa yenyewe ije baadaye.

"Ngazi ya kupandia wapi, Mwalimu?"

Gari likaondoka. Nyuma yake walikuwa wamesimama watoto wa Kitongani, wana njaa, wanamtazama, na gari za mchanga aliziagiza za kuwaleta tu. Akawatanguliza barabarani kwa miguu, jua linampiga kisogoni, akenda kumwambia Bi Mardhiya kwa mdomo wake mwenyewe nani aliyepata ghorofa.