Kimea cha Mama Casiana

"Toa mguu kwenye mahindi yangu!"

Injinia Wilfredo aliruka kando, daftari likamponyoka. Alikuwa ametoka mjini Cochabamba na barua yenye muhuri, aje apime nyayo za mnyama mkubwa mla majani aliyepita hapa kijijini Torotoro kabla mtu yeyote hajazaliwa. Hakuna aliyemwambia kwamba nyayo zenyewe, mashimo tisa kwenye jabali, kila moja kama karai, zilikuwa zimejaa kimea cha mahindi, zimefunikwa nyasi na mablanketi.

"Mama Casiana, yatoe. Ni leo tu."

"Yakipigwa na upepo sasa, yamekufa. Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo ni baada ya wiki tatu na zamu ya kunywesha kijiji pombe ya chicha ni yangu. Nikikosa, watakunywa ya wifi yangu Sabina. Heri maji ya kuoshea mbuzi."

"Lakini hizi ni nyayo, mama. Si vyombo."

"Mama yangu alivitumia, na mama yake. Mnyama mwenyewe alikwenda zake, hajarudi kuviulizia."

Sabina alikuwa akipita na kondoo wake. Akasimama.

"Yamwage, Injinia! Kimea cha huyu hakijawahi kutoa chicha ya maana."

"Ndiyo maana mwaka jana uliinywa mpaka ukabebwa kurudi kwako?"

Sabina akajifanya anahesabu kondoo.

Injinia alikaa chini, kichwa mikononi. "Sasa nitapimaje?"

"Si uulize." Casiana akapita shimo kwa shimo, akionyesha kwa kidole cha mguu. "Hili linakula pishi saba. Hili nne. Hili saba. Lile nne. Ya kushoto yote saba, ya kulia yote nne. Miaka thelathini najaza. Mguu wa kulia ulikuwa unamuuma, maskini, hakuukanyagia kwa nguvu."

Injinia akainua kichwa polepole.

"Alikuwa anachechemea?"

"Wewe ndiye msomi."

Aliandika mpaka ncha ya penseli ikavunjika. Kisha akaomba, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, aruhusiwe kugusa chini ya shimo moja tu. La kulia.

"Nawa kwanza. Kwa sabuni."

Akanawa, akalala kifudifudi juu ya jabali, akaupenyeza mkono chini ya blanketi, taratibu, katikati ya machipukizi, hadi juu ya kiwiko. Akafumba macho. Hata Sabina alisogea kuona.

"Kuna joto," alisema.

"Lazima liwepo, yanachipua," alijibu Casiana, akavuta blanketi na kumfunika bega, baridi isiingie.