Rangi ya Tumbaku

Mzee Otto alilizunguka gari lake mara mbili, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kupokea mzigo usio wake. Pikapu lilikuwa linang'aa juani, kahawia iliyokolea, nyororo, bila tone lililochuruzika wala punje ya vumbi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kompresa, nakunja na kukunjua kipande cha msasa mpaka kikakatika.

"Fundi," akasema mwishowe, "gari langu liko wapi?"

Fundi Muhsini akacheka. Alidhani ni utani wa wazee.

Siku kumi na mbili kabla ya hapo, gari hilo lilifika kwenye gereji yetu, Mjimwema, likiwa na praima ya kijivu, ile rangi ya msingi, mwili mzima. Fundi wa kwanza alilianza, akalitelekeza. Mzee alishuka, nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamgeukia fundi.

"Nipigie rangi ya tumbaku. Mke wangu Walburga akiniona naingia kijijini asiulize ni nani huyo."

"Tumbaku. Nimekupata, mzee wangu."

Fundi Muhsini ni mtu wa Tunduru. Kwao ni mikorosho, na tumbaku aliyokua akiiona ni ile ya kwenye kopo la bibi yake, ugoro. Mimi nimezaliwa upande wa Namtumbo. Shule niliishia darasa la saba, na kabla ya kuja mjini mikono yangu haikujua kazi nyingine zaidi ya tumbaku. Kwetu jani likishakaushwa linapata majina mengine: ni mzigo, ni robota, ni daraja la kwanza au la pili. Ukisema tumbaku, ukaishia hapo, mtu wa kwetu anaona shamba la mwezi wa pili, kijani kilichoanza kuiva, chenye umanjano kwa mbali kwenye kingo za jani. Nilimwelewa mzee palepale. Nikafungua mdomo.

"Na hili, Kasiana," fundi akasema, "utapiga wewe."

Nikaufunga.

Miaka miwili nilikuwa nasugua msasa pale. Miaka miwili nilimwangalia fundi anavyoshika bomba la kupulizia, anavyogeuza kifundo cha mkono mwisho wa kila mstari, nami usiku najigeuza hivyohivyo kwenye shuka. Sheria yake ilikuwa moja: mbele ya mteja anaongea fundi mmoja; ukiivunja, bomba hulishiki. Nilijiambia natii sheria.

Kesho yake nilibandua mpira wa mlango wa dereva ili nizibe vizuri kwa magazeti. Chini yake kulikuwa na ukanda wa rangi ya zamani, upana wa kidole, ambao praima haikuufikia. Kijani kilekile. Hapo sikuwa tena na la kusingizia. Niliutazama, nikaurudishia mpira wake.

Mara tatu nilimfuata fundi nimwambie. Mara ya kwanza nikamuuliza kama tina ya kuchanganyia rangi itatosha. Mara ya pili nikamuuliza kama mvua itanyesha. Ya tatu akanitangulia yeye.

"Una nini wewe leo? Umekalia siafu?"

"Hamna kitu, fundi."

Chakula nilikula nimesimama. Nilifagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Kisha akanikabidhi bomba, nikapiga. Siwezi kusema uongo: nilifurahi. Lile vumbi laini lilivyokuwa linatulia juu ya bati, mstari ukilala juu ya mstari, nilisahau hata kuna mtu aitwaye Mzee Otto.

Sasa nina gereji yangu, ndogo, njia ya kwenda Madaba. Mteja akinitajia rangi kwa mdomo namwomba anionyeshe kitu, hata jani, hata kanga ya mkewe. Wengine hucheka, wananiambia kumbe mimi fundi nisiyejua rangi. Nawaacha wacheke.

Siku ile, Mzee Otto alipouliza gari lake liko wapi, punde hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Ulisema tumbaku, mzee. Hii si tumbaku?"

"Hii ni ugoro, kijana wangu. Nikifika nyumbani nalo, Walburga ataniuliza nimeiba gari la padri gani."

"Wallahi ulisema tumbaku. Mungu ananiona."

"Nilisema, ndiyo." Mzee akavua kofia, akaitazama ndani kama vile neno sahihi limebaki humo. Sauti yake ikashuka. "Basi labda nilikosea mimi kusema. Uzee huu. Hata juzi nyumbani wameniambia nasema hiki, kumbe nataka kile."

Alikuwa anatafuta funguo mfukoni. Alikuwa anaondoka nalo, na kosa lisilo lake juu yake.

"Mzee hajakosea," nikasema.

Fundi akageuka.

"Alisema vizuri. Mimi nilimwelewa siku ileile." Nikaenda mlangoni, nikaubandua mpira, kile kijani kikaonekana. "Na hiki nilikiona kabla sijapiga."

Kompresa ilikuwa inapumua peke yake.

"Sasa mwanangu," Mzee Otto akauliza taratibu, "ulinyamaza kwa nini?"

"Nilitaka kupiga."

Mzee akapitisha mgongo wa mkono wake kwenye mlango, polepole, toka mbele mpaka nyuma, kama tunavyopima jani la tumbaku kwetu.

"Umepiga vizuri," akasema. Hilo ndilo lililoniuma.

Fundi Muhsini hakupiga kelele. Alilitungua bomba kwenye msumari wake, akaliingiza kabatini, akafunga kwa ufunguo. Akarudi na pakiti nzima ya msasa.

"Utalisugua lote. Rangi yake nitapiga mimi."

Mzee akasema atasubiri, akavuta tairi bovu, akakaa juu yake. Nikajaza ndoo maji. Nikachovya msasa, nikaanzia mlango wa dereva, pale nilipokuwa nimepiga vizuri kuliko pote.